Jicho la Taaka

"Kwa hiyo unambeba mtu hadi Tororo kwa sababu ya jicho moja?"

"Mama, si mtu. Ni picha."

"Leo imekuwa picha. Juzi ulinifukuza hapa ukasema nisipige kelele, eti kuna mtu anatoka."

Binti yangu Acom hakucheka. Aliendelea kuifunga fremu kwa shuka, shuka langu la maua, akikaza fundo kama anayefunga mbuzi. Mimi nikikasirika husema. Yeye hufunga vitu.

"Kesho asubuhi kina Oguttu wanaingia kanisani Buteba na picha ya mama yao mbele," nikamwambia. "Wewe leo unazurura nayo."

"Sizururi. Nakwenda kwa Madam Roselyn, narudi."

"Jicho lichore hapa. Rangi ipo, brashi ipo, meza ipo."

"Siwezi. Sijaliona."

"Na Roselyn ameliona wapi? Walikuwa wanachota maji pamoja na marehemu?"

"Yeye anajua la kufanya."

"Na mimi? Mimi hapa nakaanga mandazi?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Wewe unajua kukopi, Mama."

Nimechora sura za watu hapa Busia tangu kabla hajazaliwa. Ada zake zote zimetoka kwenye pua na masikio ya watu. Wateja wangu wengi ni familia za marehemu: wanaleta picha ndogo, mimi naikuza, siku ya kumbukumbu inatembea mbele ya waombolezaji, kisha inatundikwa sebuleni. Kazi hiyo niliianzia ng'ambo, upande wa Kenya, katika studio ya mzee Ben mpiga picha. Alinipa penseli iliyochongwa kama sindano, nikawa naondoa mikwaruzo na makovu kwenye picha za harusi. Baadaye nikaenda chuo, nikachukua diploma ya sanaa, lakini jicho langu ni la studio ile. Mzee Ben alikuwa akisema uso ni umbali tu: kutoka jicho hadi jicho, kutoka pua hadi mdomo. Ukikosea umbali umechora jirani.

Kwa hiyo ninachora miraba. Naigawa picha ndogo kwa mistari, naigawa kanvasi kwa mistari ileile iliyokuzwa, halafu nahamisha mraba mmoja mmoja. Simtazami mtu. Natazama mraba. Mstari hauna huruma wala upendeleo, ndiyo maana haukosei.

Hivyo ndivyo nilivyomchora Taaka. Mwanawe mkubwa, Oguttu, aliniletea nakala ya kitambulisho chake, kwa sababu mama huyo alikuwa hapendi kupigwa picha. Nilimkuza vizuri. Mashavu, mikunjo ya shingo, jicho la kushoto lenye kope iliyolala kidogo, kila kitu mahali pake. Tukaipeleka Buteba mimi na Acom. Nikaiegemeza ukutani, nikarudi nyuma, nikangoja.

"Asante, Mama Acom," akasema Oguttu. "Ni kazi safi."

Mtu akikwambia kazi safi kwa sauti ile, jua hataki kuiona tena. Edgar, mume wa binti wa marehemu, aliitupia macho mara moja, akainuka, akatoka nje na kusimama nyuma ya jiko akiwa ametupa mgongo. Nikadhani ni uchungu. Mama Justine, mdogo wake Taaka, akavua leso mabegani mwake, akaifunika picha. Bado nikadhani ni uchungu.

Acom ndiye aliyeninong'oneza. "Mama, umemleta mama mkwe kichwa wazi mbele ya wakwe zake."

Kumbe. Pale wanapopiga picha za vitambulisho hukuambia uvue kitambaa cha kichwa, masikio yaonekane. Taaka alivua, akapigwa picha, akajifunga tena, na nadhani hakuna mwingine duniani aliyemwona hivyo. Mkwe hamwoni mama mkwe wake kichwa wazi, huku kwetu hilo halihitaji kufundishwa. Mimi ni Mteso, na mume wangu mpaka leo hajui kama mama yangu ana mvi. Lakini nilikuwa natazama miraba.

"Nitamfunga kitambaa," nikasema haraka. "Ni kazi ndogo."

Nilikuwa nimechelewa. Acom alikuwa tayari amekaa chini kando ya Mama Justine, ameshika mkono wake, anamuuliza dada yake alipenda kufunga kitambaa vipi, fundo mbele au nyuma. Kisha akamuuliza alikuwa akicheka vipi. Maswali hayo hakuyatoa kwangu. Wiki hiyo akawa anakwenda Buteba kila asubuhi, anamkalisha Mama Justine kando ya dirisha, anamchora dada mmoja ili ampate mwingine, na nyumba nzima imemzunguka: paji la uso lishushe, mdomo upanue, hapana, usipanue sana, alikuwa hafungui mdomo wote.

Hakupiga mraba hata mmoja. Aliipaka kanvasi nzima rangi ya kahawia nzito kama udongo wa kichuguu, kisha akachukua kitambaa akaanza kupangusa. Palipopanguswa pakawa paji, pakawa shavu. Mimi naongeza mpaka uso unakuja, yeye anaondoa. Hiyo ni namna ya Roselyn, mchoraji wa Tororo aliyemfuata mwaka jana kwa mafunzo ya mwezi mmoja, na tangu hapo nyumbani kwangu hatuli bila kusikia Madam kasema, Madam kafanya.

Familia ikaipenda. Oguttu hakusema kazi safi, alitoka nje akapenga kamasi. Lilibaki jicho la kushoto tu. Mama Justine hana kope iliyolala, na kila mtu alimwonyesha Acom kope ya Taaka kwa kidole chake mwenyewe, kila mmoja mahali tofauti. Nakala ya kitambulisho mimi huwa nafutia brashi nikimaliza. Ndivyo nilivyofanya, na kitambulisho chenyewe hawajui walikiweka wapi. Jicho la Taaka lilikuwa mahali pamoja tu: kwenye picha yangu.

"Ingekuwa ile yako bado ipo," akasema Acom sasa, shuka likiwa limekwisha kufungwa, "nisingesumbuka na Tororo."

"Nimekwambia niliipaka nyeupe. Kanvasi ni ghali."

Sikuwa nimeipaka nyeupe. Niliivua kwenye fremu, nikaiviringisha, nikaiweka chini ya meza ndani ya mfuko mrefu wa nailoni. Alfajiri ile nilikuwa nimemfunga Taaka kitambaa cha kichwa, cha buluu, fundo nyuma kama walivyosema. Kilimkaa. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Acom akae huko kwa Madam wake wanong'onezane, mimi njiani kurudi nishuke Buteba na picha yangu iliyokamilika, macho mawili, kichwa kimefungwa. Kesho kanisani watembee na ya nani? Ya kwangu.

"Basi twende wote," nikasema, nikauvuta mfuko.

"Hiyo ni nini?"

"Vitambaa vya fundi wangu wa mapazia. Una mengine?"

Garini Acom alikaa na fremu mapajani, mimi na mfuko wangu, kila mtu amekumbatia Taaka wake. Nikafungua simu nisimtazame. Nikakuta ameweka kwenye hali yake ya WhatsApp picha akiwa na Roselyn, bega kwa bega, wamepakaa rangi mpaka viwiko. Chini ameandika: *Aliyenifungua macho.*

Nikaisoma tena na tena mpaka simu ikajizima yenyewe. Macho hayo mimi ndiye niliyeyaosha kwa pamba na maji ya chumvi alipougua akiwa mtoto, asubuhi na jioni, yameshikamana hayafunguki. Lakini hilo haliandikwi kwenye simu.

Roselyn anaishi nyuma ya mji wa Tororo, mwamba unaonekana juu ya paa lake la mabati. Alitoka na aproni ya gunia, nywele fupi, kicheko kikubwa, akamkumbatia Acom kabla ya kunisalimu.

"Binti yangu!"

Nilitamani kumuuliza alimzalia wodi gani.

"Na huyu ndiye Mama Acom. Karibu sana, dada. Hatimaye. Binti anasema wewe ni mkali."

"Anasema na mengine?"

"Kwamba hakuna anayesonga atap, ule ugali wa wimbi, kama wewe."

"Basi amenisifia jikoni. Asante."

"Mama," akasema Acom akiwa ameuma meno.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja tu, la upande. Uzi wa mwanga ulipita na kuangukia kiti. Ukutani nyuso zilikuwa zinatoka gizani, wazee, wasichana, mwanamume mmoja wa Kisoko mwenye jembe begani, na huwezi kusema uso unaanzia wapi. Roselyn aliniona nikitazama, akanieleza bila kuulizwa. Alipokuwa mtoto, kanisani kwao kulikuwa na picha ya Bikira Maria iliyotundikwa juu ya mishumaa. Moshi wa miaka ukaila yote, nguo, mikono, malaika, ukabakiza uso peke yake. Akakua akidhani watu huchorwa hivyo.

"Nilipofika chuo nikaambiwa nianze na mstari," akasema. "Nikashindwa. Nikarudi kwenye moshi."

Kazi ilikuwa nzuri. Nasema kwa sababu sipendi uongo wa kazi. Ilikuwa nzuri, na kila nilipoona uzuri wake nilitafuta kosa. Nikaanza kupima kwa macho. Yule mwanamume wa Kisoko, sikio lake lilikuwa limeshuka chini ya pua. Kwa muda mfupi nikawa na furaha sana.

Kisha nikaona picha ndogo imebandikwa kando ya mlango. Ilikuwa ya Roselyn mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha dirishani, na mkono uliomchora niliujua kama ninavyoujua mwandiko wake.

"Hiyo ya mwanao," akasema Roselyn. "Alinikalisha kutwa nzima. Nikitaka kukohoa ananikemea."

Mimi hajawahi kunichora. Nimekaa naye duka moja miaka yote hii. Ni kweli sikai nikatulia. Lakini hajawahi hata kuniambia nikae.

"Haya, jicho," nikasema. "Tuna safari ya kurudi."

Acom akalifungua shuka langu, akamsimamisha Taaka kwenye egemeo. Roselyn akasogea, akarudi nyuma, akafinya macho mpaka yakawa nyuzi.

"Huyu mama alikuwa mcheshi lakini hasemi sana," akasema.

"Ndiyo!" Acom akapiga makofi kama mtoto. "Ndiyo, madam, ndivyo wanavyosema wote."

Mimi niliyepima kila mkunjo wa shingo ile sikujua kama alikuwa mcheshi.

"Tatizo ni hapa." Acom akaonyesha jicho la kushoto, ambapo palikuwa na doa la kahawia tu. "Kope ilikuwa imelala. Sijui kiasi gani."

"Kama hujaliona, usilibuni," akasema Roselyn. "Liache gizani. Mtazamaji atalimalizia mwenyewe."

Akachovya kitambaa kwenye rangi, akakivuta kwa kidole gumba kutoka kwenye ukingo wa kitambaa cha kichwa, kikashuka taratibu mpaka shavuni. Mara mbili, mara tatu. Kivuli kikalimeza lile doa, na uso mzima ukageuka, ukawa mzito, wa siri, kama mtu anayekutazama kutoka ndani ya nyumba. Hata mimi niliutazama mara ya pili.

Nikangoja Acom afurahi. Mimi mwenyewe nilianza kufurahi, kwa sababu zangu. Picha ilikuwa nzuri na haikuwa Taaka tena. Kina Oguttu wangeitazama waseme kazi safi, na mimi ningekuwa nimesimama mlangoni na mfuko wangu.

Acom hakufurahi. "Madam, ni nzuri. Lakini lile jicho ndilo wanalomkumbukia."

"Kila mtu ana jicho, mwanangu."

"Si hivyo. Mama Justine anasema alikuwa akimsikiliza mtu muongo kwa lile zima, halafu anamtazama kwa lile lililolala, na muongo anaanza kugugumia. Wajukuu wanaigiza. Oguttu mwenyewe ameniambia, ndevu zimeota lakini akirudi nyumbani amechelewa lile jicho ndilo aliloogopa. Tukilificha, tumemleta nani kanisani?"

"Basi tutalitoa wapi?"

Acom akachukua kitambaa kilicholowa maji, akakipangusa kile kivuli, doa likarudi. Alikuwa amenipa mgongo. Hakuwa anasema na mimi.

"Picha ya mama yangu ilikuwa nalo," akasema. "Mama hakosei kipimo, madam. Kama yeye amesema kope imeshuka hapa, imeshuka hapo. Tangu niko mdogo sijawahi kumwona akikosea. Ungeliona lile jicho, ungemjua yule mama hata na kichwa wazi. Lakini ameshaipaka nyeupe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mfuko kifuani.

"Pole," akasema Roselyn. Akanyoosha mkono, akachukua brashi nyembamba. "Basi nitakisia. Nimechora wazee wengi, najua kope zinavyolala. Nipishe kidogo."

Acom akampisha.

Sitadanganya kwamba nilifikiria upendo, au marehemu, au wajukuu wanaoigiza. Niliona brashi ile inakwenda kwenye uso ule, nikafikiria: akiligusa litakuwa lake. Watu watasimama kanisani Buteba, watatazama jicho, na litakuwa jicho la Roselyn, la kukisia, wakati mimi ninalo hapa kifuani.

"Iweke chini," nikasema.

"Dada?"

"Brashi. Iweke chini."

Nikaufungua mfuko, nikaikunjua kanvasi juu ya meza yake, nikagandamiza pembe kwa makopo yake ya rangi. Taaka akatutazama na kitambaa chake cha buluu.

Acom akaja mezani polepole. Akamtazama Taaka, akanitazama mimi. "Si ulisema..."

"Nilisema."

"Na umemfunga kitambaa. Lini? Ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Unajua nilikuwa naipeleka wapi."

Alijua. Uso wake ulinionyesha kwamba alijua, na Roselyn naye alijua, na akawa na adabu ya kutazama dirishani.

"Mama," akasema Acom, na sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungeniambia tu."

"Nipe kisu."

"Cha nini?"

"Kile cha kukatia kanvasi. Kiko hapo nyuma yako."

"Hapana, Mama. Usikate. Naweza kulitazama tu hapo lilipo."

"Ikibaki nzima nitaipeleka Buteba," nikamwambia. "Nitashuka njiani kabla hujanishika. Najijua. Nipe kisu."

Akanipa.

Alama zangu za penseli bado zilikuwepo kwenye kingo, ninazoziacha kila mara. Sikuhitaji rula. Nikashusha kidole kutoka juu na kingine kutoka kando, vikakutana kwenye mraba wenye jicho la kushoto, nikakata. Upande wa juu, upande wa kulia, chini, kushoto. Kanvasi nzuri hulia inapokatwa. Nikakiinua kile kipande. Palipobaki tundu ilionekana meza ya Roselyn, na madoa yake ya rangi, kama yanatuchungulia kutoka usoni mwa Taaka.

Nilimpa Acom rangi aliyoihitaji kabla hajaomba, kahawia, nyeupe kidogo, tone la buluu kwa ajili ya unyevu. "Kope inaanzia juu ya mboni," nikamwambia. "Haigusi nusu. Pima mwenyewe."

"Madam?" Acom akamgeukia Roselyn.

"Madam akae pale kwenye stuli," nikasema. "Leo anatazama."

Roselyn akakaa kwenye stuli. Akakunja mikono juu ya gunia lake.

Acom akasimama mbele ya picha yake, akageuza shingo kutafuta mwanga. "Nahitaji nilione vizuri. Liwe usawa wangu. Lisitikisike."

Nikapita katikati yao, nikakaa kwenye kile kiti cha dirishani, mwanga ukaniangukia upande mmoja wa uso. Nikainua mraba wangu kwa mikono miwili, nikauweka juu ya jicho langu la kushoto, nikatulia.

"Haya," nikamwambia mwanangu. "Nitazame."